Arusha ilipotangazwa kuwa jiji, meya wake alichaguliwa na nani?

#1 MtotoWaKijenge

Wakuu, salaam.

Jana kwenye Hiace ya Kijenge vijana wawili walikuwa wanabishana meya wa kwanza wa Jiji la Arusha ni nani na alipigiwa kura lini. Mmoja anashikilia 2012, mwenzake 2015. Nimeshuka Mnara wa Saa bado hawajaelewana, nami nikaondoka na swali langu.

Ninavyokumbuka mimi, Gaudence Lyimo wa CCM alipata umeya Desemba 2010, tukiwa bado Manispaa, na madiwani wa Chadema hawakuutambua uchaguzi ule. Januari 5, 2011 yakatokea maandamano, watu wawili wakauawa kwa risasi. Novemba 2012 Rais Kikwete akaja kuzindua jiji, mbunge wetu Lema akiwa bungeni, na meya akawa yule yule wa Manispaa. Mji ulipanda daraja, kiti kikabaki na aliyekikalia.

Hoja yangu ni hii: mji ukitangazwa kuwa jiji, kiti cha meya kiwe wazi, na kipigiwe kura na wananchi wenyewe. Tumezika watu kwa sababu ya kiti ambacho hakijawahi kutokea kwenye karatasi yangu ya kura hata mara moja. Anayejua sababu anieleze.

#2 FundiCherehani

Mkuu uzi mzuri, ila weka sawa mambo mawili.

Waliokufa Januari 5 ni watatu, na mmoja wao alikuwa Mkenya. Usimsahau huyo, maana naye ana mama yake.

La pili, jiji linazinduliwa Lema hakuwa bungeni. Mahakama Kuu ilimvua ubunge Aprili 2012, Mahakama ya Rufani ikamrudishia Desemba 21 mwaka huo huo. Kwa hiyo siku ya sherehe Arusha Mjini haikuwa na mbunge, na meya aliyekuwapo nusu ya mji ilikuwa haimtambui. Jiji lilizaliwa hivyo.

Siku ile ya maandamano nilikuwa na cherehani yangu Krokoni. Moshi ulipoanza nilivuta mlango wa bati, tukajikuta watu kumi na mmoja ndani, tisa siwajui. Mama mmoja alilowesha kitenge cha mteja kwenye ndoo ya maji tukajifunika nacho kwa zamu. Baadaye nilimlipa mteja kitenge chake. Tulikaa mle saa tatu nzima tukimsikiliza mtoto mdogo anauliza kama meya ni jina la mtu.

#3 MtotoWaKijenge

Asante fundi, umenisahihisha. Watatu. Na la Lema kweli, nilichanganya miezi.

#4 WakiliWaKata

Ndugu mleta uzi, jibu la kisheria halina maneno mengi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inasema meya anachaguliwa na madiwani miongoni mwao. Meya anakaa miaka mitano ya baraza, naibu wake anachaguliwa kila mwaka. Manispaa ikipandishwa kuwa jiji, baraza halivunjwi. Madiwani ni wale wale, mali na madeni vinahama na jina. Ukisema kiti cha meya kiwe wazi, utasema na viti vya madiwani viwe wazi pia?

Arusha haiko peke yake. Dodoma ilitangazwa jiji Aprili 26, 2018, Profesa Davis Mwamfupe aliyekuwa meya wa manispaa akaendelea kuwa meya wa jiji. Dar es Salaam, Februari 24, 2021 Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Omary Kumbilamoto alilala meya wa Ilala, akaamka meya wa jiji. Hakuna kura iliyopigwa.

#5 BintiSakina

#4 umeeleza sheria inasemaje, hujaeleza kwa nini iliandikwa hivyo.

Mimi naona hivi. Chukua Dar. Meya akipigiwa kura na jiji zima, mtu huyo atakuwa na kura nyingi kuliko mbunge yeyote nchini, wa pili kwa Rais tu. Hata hapa Arusha, jiji letu na jimbo la Arusha Mjini wapiga kura ni wale wale. Meya na mbunge wangekuwa sawa kwa nguvu. Hakuna serikali inayopenda kujitengenezea mshindani. Ndiyo maana wameiacha kura mikononi mwa watu thelathini hivi ndani ya ukumbi, ambao unaweza kuwahesabu, kuwaita na kuwapanga.

#6 Chalii_wa_Unga

Dada yangu wa Sakina leo umeamka na moto 🔥

Ila 2010 tatizo halikuwa nani anapiga kura nje ya ukumbi. Lilikuwa ndani. Mary Chatanda alikuwa mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga, na wakati huo huo Katibu wa CCM Mkoa wa Arusha. Akaingizwa kwenye orodha ya wapiga kura wa meya wa Arusha. Chadema wakasema huyu si wa hapa, apige kura Tanga. CCM wakasema anaishi na kufanya kazi hapa. Vyama vilikuwa vimekaribiana mno, kura moja ilikuwa na uzito wa gunia. Ugomvi wote ule mzizi wake ni jina moja kwenye orodha. Ukiondoa wabunge wa viti maalumu kwenye uchaguzi wa meya, matatizo yote yanakwisha bila kubadilisha kitu kingine.

#7 FundiCherehani

Chalii hapo nakubali nusu. Uchaguzi wenyewe ulifanyika Desemba 18 bila wale wa Chadema. Diwani wa TLP akapewa unaibu meya. Hata bila Chatanda, kikao chenye upande mmoja kingekuwa na kasoro ile ile.

#8 RaisWaMtaa

Wakuu mnazunguka. Ni hela. Meya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Fedha. Viwanja, ushuru wa masoko, stendi, mabango, zabuni za taka, vyote vinapita mezani kwake. Mji ukitegemea kuwa jiji kesho, viwanja vinapanda leo. Nani angekubali kupoteza kiti kile miaka miwili kabla ya jiji kutangazwa?

Niliuza kiwanja cha baba huko pembeni mwaka 2011. Aliyekinunua alikigawa vipande vitatu baada ya jiji kutangazwa, na kipande kimoja tu kilimrudishia hela yote aliyonipa. Yeye alijua kinachokuja. Mimi nilikuwa nasoma magazeti ya michezo.

#9 WakiliWaKata

#8 pole. Lakini meya hasaini hundi. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi, naye anateuliwa na Rais. Meya anaongoza kikao, Mkurugenzi ndiye anayetekeleza.

#10 BintiSakina

Kama kiti hakina nguvu, kwa nini watu walikufa?

#11 MzeeWaNgarenaro

Wanangu, shikamooni hamjanipa, lakini naendelea.

Mnasahau sehemu ya katikati. Mwaka 2011 madiwani watano wa Chadema walikaa na wenzao wa CCM wakaelewana, wakauita mwafaka. Estomih Mallah, diwani wa Kimandolu, akawa naibu meya. Chama chao kikasema hakikuwatuma, kikawafukuza uanachama wote watano Agosti mwaka ule. Mmoja alikuwa wa viti maalumu, wanne wa kata: Kimandolu, Elerai, Kaloleni na Themi. Kwa hiyo jiji lilipozinduliwa Novemba 2012, kata nne hazikuwa na diwani. Uchaguzi mdogo ukapangwa Juni 16, 2013. Jioni ya Juni 15, pale viwanja vya Soweto, kampeni zinafungwa, likarushwa bomu. Wakafa watu, wakiwamo watoto. Kura ikasogezwa hadi Julai 14, Chadema ikachukua kata zote nne.

Mimi nasema chanzo ni chama kukataa mwafaka. Wale watano walikuwa wamechoka kuona mji hauna vikao. Wangeachwa, kata nne zisingebaki tupu na kampeni ile isingekuwapo. Najua wengi mtanipinga.

#12 Chalii_wa_Unga

Shikamoo mzee wetu, samahani sana.

Ila nakupinga kwa heshima. Ukikubali cheo kutoka kwa meya unayesema si halali, umeshamhalalisha. Familia zilizozika Januari ulitaka ziambiwe nini? Na aliyerusha bomu ndiye wa kulaumiwa kwa bomu, si kikao cha chama.

#13 MzeeWaNgarenaro

Marahaba. La bomu umesema kweli, nalirudisha. La mwafaka nabaki nalo. Mallah nilimfahamu kwa kumsikiliza mikutanoni, alikuwa mtu wa kusikiliza pia. Mwaka 2015 aligombea ubunge hapa kwa ACT-Wazalendo, akafariki siku chache kabla ya kura, uchaguzi wa ubunge Arusha Mjini ukasogezwa hadi Desemba 13. Hata kifo chake kiliahirisha uchaguzi. Mungu amrehemu.

#14 MtotoWaKijenge

Shikamoo mzee. Hii ya Mallah 2015 nilikuwa nimeisahau kabisa.

Sasa naona vijana wa Hiace wote wawili walikuwa na hoja. Meya wa kwanza kukalia kiti cha jiji ni Lyimo. Meya wa kwanza kuchaguliwa Arusha ikiwa tayari jiji ni Kalist Lazaro wa Chadema, baada ya uchaguzi wa 2015 ambao chama chake kilichukua karibu kata zote. Na hapo hapakuwa na vurugu, kwa sababu hesabu haikuwa na ubishi.

#15 RaisWaMtaa

Hapakuwa na vurugu siku ya kura, lakini aliona cha moto baadaye. Mei 2017, baada ya ile ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu, alikwenda shuleni na viongozi wa dini kupeleka rambirambi, akakamatwa pamoja na waandishi wa habari. Meya wa jiji anakamatwa msibani. Nguvu hiyo mnayoisema iko wapi?

#16 PwaniMpaka

Salaam kutoka Tanga. Sisi tulipewa jiji tangu 2005, hatukuwa wapya, lakini 2015 ndiyo mara ya kwanza CUF kuwa na madiwani wengi barazani. Siku ya kuchagua meya kila mtu alikuwa na hesabu yake kichwani. Akatangazwa Selebosi wa CCM. Ukumbi ukavurugika, CUF wakasusia vikao kwa muda mrefu.

Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa akisubiri kikao kimoja tu cha baraza kuhusu eneo lake. Alisubiri mpaka akabadili biashara, sasa anauza samaki wa kukaanga na anasema hatarudi kwenye saruji.

#17 MsukumaWaTabata

Na Dar 2016 mmeisahau? Uchaguzi uliahirishwa mara kadhaa. Februari 27 madiwani wamefika Karimjee wakaambiwa kuna zuio la mahakama, tafrani ukumbini. Machi 22 ndipo kura zikapigwa, Isaya Mwita wa Chadema, diwani wa Vijibweni, akapata 84 dhidi ya 67 za Omary Yenga wa CCM. Januari 2020 wakamwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani, wakabishania akidi hadi mahakamani. Mwaka mmoja baadaye halmashauri yenyewe ikavunjwa.

Kwa hiyo #6, ugomvi si wa viti maalumu peke yake. Popote pale upinzani ulipopata hesabu, tarehe ilianza kusogea.

#18 NakuruFlamingo

Hamjambo majirani. Nimesoma uzi wote nikawa nawaonea wivu, maana nyinyi angalau mnagombana juu ya meya. Nakuru tulipewa hati ya jiji na Rais Uhuru Kenyatta Desemba 1, 2021, jiji la nne Kenya. Eldoret wakapewa na Rais Ruto Agosti 15, 2024. Meya hatuna, wala Eldoret hawana. Tangu katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013, mameya walikwisha. Wa mwisho Nairobi alikuwa George Aladwa. Sasa jiji lina bodi na meneja, na aliye juu yao ni gavana wa kaunti. Huyo gavana ndiye tunampigia kura, lakini ni wa kaunti nzima, mpaka mkulima wa viazi wa Molo anamchagua anayeendesha mji wetu.

Zamani madiwani walichagua meya kama kwenu. Wiki ya uchaguzi madiwani walikuwa wanapotea! Wanapelekwa hotelini mbali, simu zinachukuliwa, wanarudishwa na basi asubuhi ya kura. Marehemu mjomba alikuwa diwani katika mji mmoja mdogo wa Bonde la Ufa. Shangazi alimtafuta siku tatu, akadhani ameoa mke wa pili. Alipomwona amerudi na suti mpya hakuuliza meya ni nani, aliuliza suti imetoka wapi.

#19 BintiSakina

😂😂 Shangazi kwanza!

Lakini hii ya kufichwa hotelini inaniunga mkono. Watu thelathini unaweza kuwafungia hotelini. Watu laki tatu utawafungia wapi?

#20 DerevaMutukula

Niko njiani, naandika kwa vituo.

Uganda wao wanapiga kura ya moja kwa moja. Julai 1, 2020 walitangaza majiji mapya: Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara na Fort Portal. Januari 2021 kila jiji likachagua meya wake, mwananchi na karatasi yake. Nilikuwa Mbarara na mzigo wa chumvi. Nguzo zote za umeme zilikuwa na sura za wagombea, kuanzia rais, mbunge, meya wa jiji, mpaka meya wa divisheni. Mwenye nyumba ya wageni alinionyesha mgombea wake wa umeya, akanitajia hadi shule aliyosoma. Mimi kwangu Kagera simjui mwenyekiti wa halmashauri kwa sura.

Tatizo intaneti ilikatwa siku zile za uchaguzi, nikakaa karibu wiki bila kuongea vizuri na nyumbani. Mke wangu alipiga kwa mwajiri kila siku kuuliza kama lori limeonekana.

#21 WakiliWaKata

#20 safari njema. Lakini hapo hapo Uganda kuna jibu kwa Binti Sakina. Erias Lukwago alichaguliwa Lord Mayor wa Kampala 2011 kwa kura za wananchi. Sheria ya 2010 ilikuwa imeshaweka Mamlaka ya Jiji chini ya serikali kuu, na Mkurugenzi Mtendaji wake, Jennifer Musisi, aliteuliwa na Rais. Wakagombana tangu mwanzo. Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa Lukwago. Wananchi wakamrudisha 2016 na 2021. Miaka yote hiyo kura alikuwa nazo, ufunguo wa ofisi ukawa na mwingine. Ukichagua meya moja kwa moja bila kugusa Mkurugenzi, umeongeza mgogoro.

#22 BintiSakina

Basi tumguse Mkurugenzi. Nani kasema haguswi?

#23 RaisWaMtaa

Nikitoka nje ya mada kidogo: uwanja wa pale mjini unaitwa Sheikh Amri Abeid. Nimeambiwa alikuwa meya wa Arusha zamani, ndiyo maana akapewa uwanja. Huyo alichaguliwa vipi?

#24 MzeeWaNgarenaro

Mwanangu, walikudanganya. Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho, mwaka 1960. Mwaka uliofuata Dar ikawa jiji na nchi ikapata uhuru. Kwa hiyo naye ni wa mji unaogeuka jiji, ukitaka kufananisha. Tena alikuwa mshairi, ndiye aliyetuandikia kanuni za kutunga mashairi. Baadaye akawa waziri, akafariki 1964 angali kijana. Sisi tulicheza mpira kwenye jina lake miaka yote hatumjui.

#25 Chalii_wa_Unga

Mshairi na meya! Mzee hii weka uzi wake tafadhali. Na ule uwanja mpya wa AFCON kule Olmoti hakuna diwani aliyeuomba wala meya aliyeupanga, umekuja na serikali kuu. Ndiyo sababu nyingine watu hawamjui meya, vitu vikubwa havipiti kwake.

#26 FundiCherehani

Na vidogo pia vimepungua. Barabara za mitaa zilihamia TARURA 2017. Maji yana mamlaka yake. Tukiendelea hivi meya atabaki na joho na mkufu.

#27 PwaniMpaka

Joho lenyewe nani analishona? Fundi, hiyo tenda yako.

#28 FundiCherehani

Nimeshashona moja, la mji mwingine. Sikuambiwa ni la nani, niliambiwa vipimo tu na kwamba jina litajulikana baada ya kikao. Kikao kilikuwa Alhamisi. Vipimo nililetewa Jumatatu.

#29 WakiliWaKata

…

#30 BintiSakina

Wakili amekosa kifungu 😂 Fundi ahsante, hiyo siku tatu nitaitembea nayo.

#31 MamaWaMuriet

Habari za jioni. Si mwandishi sana, nasomaga tu.

Mimi nyumba yangu iko karibu na korongo. Mvua za mwaka juzi lilikula ukuta wa choo, mwaka jana likachukua njia ya watoto kwenda shule. Nimezungushwa ofisi tatu. Ya kwanza waliandika jina langu kwenye daftari, ya pili waliniambia korongo si barabara, ya tatu waliniambia korongo si maji. Diwani alikuja, akaangalia, akasikitika kweli, akaniambia atalipeleka barazani. Sina ubaya naye.

Nimewasoma nyote. Anayesema hela, anayesema sheria, anayesema wanaogopa. Mimi nilikuwa Soweto mwaka ule, niliondoka dakika chache kabla kwa sababu mtoto alikuwa analia usingizi. Kwa hiyo hii habari ya meya si ya mbali kwangu.

Nauliza tu. Mleta uzi anataka nimpigie kura meya mwenyewe. Nitapiga, nitapanga foleni hata tangu alfajiri. Hilo korongo, siku hiyo, litakuwa la nani?

#32 MtotoWaKijenge

Mama shikamoo. Pole sana kwa ukuta na njia ya watoto.

Nimefuta jibu langu mara mbili. Naomba unitumie pembeni ni upande gani wa Muriet, Jumamosi nipite nilione.

#33 WakiliWaKata

Mleta uzi ukienda niambie, nije na ramani ya mipango miji. Mama, ile ofisi ya pili walikupa barua au walisema kwa mdomo?